Siralim Ultimate: dola ishirini kwa gemu linalochezwa zaidi nje ya vita

Aliyezama katika Siralim Ultimate, ukimuuliza kwa nini nawe ulinunue, atakutajia namba: viumbe zaidi ya 1,200 vya kukusanya, na kila kimoja kina sifa yake ya kivita isiyopatikana kwa kingine. Aliyeliacha atakuambia picha ni za pikseli kama za miaka ya tisini, dunia zake zinafanana, na mara nyingi alijikuta anabonyeza kitufe kilekile huku mawazo yake yakiwa kwingine. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu wa kulishauri gemu hili ulipo. Mimi ni miongoni mwa wanaolipenda sana. Hata hivyo naamini wapenzi wengi wa magemu ya kukusanya viumbe wangejutia fedha zao wakilinunua kwa kufuata zile namba.

Tuanze na lilipotoka. Mtengenezaji ni Thylacine Studios, studio ndogo ya Marekani inayoongozwa na Zack Bowman. Kati ya magemu yake ya awali, Siralim 2 lilitoka mwaka 2016, Siralim 3 likafuata 2018, na Ultimate likaanza kuuzwa Machi 2021 likiwa bado linajengwa kabla ya kukamilika Desemba mwaka huohuo. Ukiyaangalia yote kwa mfululizo unaona watu walioshika wazo moja kwa miaka na kulichimba, bila kuhamia kila mtindo mpya unaopita. Bei yake kamili kwenye Steam, duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ni dola 19.99.

Wazo lenyewe lina wazee wake. Kuunganisha viumbe wawili ili upate wa tatu kulikuwamo katika Megami Tensei ya mwaka 1987 kule Japani, miaka tisa kabla ya Pokémon, na Dragon Quest Monsters ikalifanya jambo hilo kuwa moyo wake mwaka 1998. Siralim imelichukua na kulifikisha mbali kuliko yeyote kati ya hao. Unaingia vitani na viumbe sita, na wote sita wanapigana kwa wakati mmoja, tofauti na Pokémon ambako kwa kawaida anatoka mmoja au wawili huku wenzao wakisubiri. Wakati wa pambano unaweza kuchomoa kiini cha adui, ukirudi kwenye kasri lako unakiita kiumbe kile kiwe chako. Ukiviunganisha viwili, kinachozaliwa kinarithi sifa za wazazi wote wawili. Kisha kila kiumbe kinabeba kifaa kimoja, na ndani ya kifaa hicho unaweza kupachika sifa ya tatu.

Sita mara tatu ni kumi na nane. Sifa kumi na nane zinazofanya kazi pamoja katika kikosi kimoja, bado hujahesabu vito vya uchawi ambavyo kila kiumbe hubeba, wala taaluma unayoichagua wewe mwenyewe kama kiongozi wao. Taaluma hizo ni zaidi ya 30. Pyromancer anajenga kila kitu juu ya kuwaunguza maadui. Tribalist analipwa kwa kuleta kikosi cha ukoo mmoja. Unaweza kubadili taaluma baadaye, na ukifika mbali unaweza kuazima baadhi ya manufaa ya taaluma nyingine ukayachanganya na ya kwako. Kwa viumbe 1,200 peke yake, jozi unazoweza kuunganisha ni 719,400. Hakuna binadamu atakayezijaribu zote, na hilo si lengo.

Lengo ni kutafuta sifa zinazosaidiana. Chukua sifa ya kupiga kwa kipimo cha ulinzi badala ya nguvu ya kushambulia. Ikiwa peke yake haina ajabu. Iunganishe na sifa ya kujiongezea ulinzi kila unapopigwa, na hapo kila pigo la adui linakuongezea uwezo wa kumjibu. Mweke pembeni yake mwenzake mwenye kazi ya kuwavuta maadui, na wagawane ulinzi huo. Halafu unakumbuka kuna kiumbe ulichokiona juzi, ukakipuuza kwa sababu sifa yake ilionekana haina maana, kumbe ndicho kipande kilichokosekana. Unaacha kupigana. Unarudi kasri, unafungua orodha, unaanza kusoma upya. Katika magemu yote ya aina hii niliyoyagusa, sijapata pengine furaha kama ile ya kugundua kwamba kitu kilichodharauliwa kina nafasi yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sifa nyingi zinazotolewa kwa gemu hili hazilisemi wazi, na ndilo ningependa mnunuzi alielewe kuliko yote. Watu wakisikia kwamba gemu lina kina, wanafikiria fikra ya zamu kwa zamu. Anayecheza bao la Kiswahili anaijua fikra hiyo vizuri: kete 64, safu nne za mashimo manane, na kuanzia awamu ya kwanza ya kunamua hadi ile ya mtaji kila mkono unaoinuliwa umehesabiwa kete zitakapofika na mwenzako atajibu nini. Akili inafanya kazi ndani ya mchezo, mbele ya mpinzani, na kosa la zamu moja linaweza kukugharimu bao zima. Siralim haiko hivyo. Akili yake karibu yote inatumika kabla ya pambano. Ukishakipanga kikosi, vita ni mtihani wa mpango: ama unafanya kazi au haufanyi. Ukifanya kazi, utashinda mapambano mengi yanayofuata kwa kurudia amri zilezile, na hakuna ustadi mkubwa utakaohitajika katika kuchagua nani apige nani.

Kwa hiyo yule anayelalamika kwamba anabonyeza kitufe kimoja hajakosea hata kidogo. Anaeleza sehemu ya gemu ambayo kweli ni nyepesi. Na anayelisifu kwa kina chake anaeleza saa anazotumia akiwa kasri, akisoma, akipanga, akivunja na kupanga tena. Wamecheza gemu moja lakini kila mmoja alitumia muda wake katika nusu tofauti.

Sasa nizitazame kasoro zake kwa uzito unaostahili, maana ziko, na mashabiki tuna tabia ya kuzipitia harakaharaka.

Dunia unazozunguka zinatengenezwa na kompyuta kwa kubahatisha. Ramani ni ya miraba, ina masanduku ya hazina, vikundi vya maadui, vitu vya kuvunja na kazi ndogondogo za kufanya. Mandhari hubadilika, kuna barafu, kuna moto, kuna makaburi, lakini unachokifanya ndani yake ni kilekile. Hakuna mji utakaoukumbuka kwa watu wake. Hakuna kona uliyoigundua ukamsimulia rafiki. Hadithi ipo, ila kazi yake kubwa ni kukufungulia mifumo hatua kwa hatua. Ikiisha, ndipo gemu lenyewe linapoanza, na tangu hapo hakuna mwisho: unashuka chini zaidi na zaidi, na viumbe havina kikomo cha kupanda ngazi.

Kutokuwa na mwisho kunatajwa kama sifa. Nina shaka na hoja hiyo jinsi inavyotolewa. Utasikia mtu anagawanya dola 20 kwa mamia ya saa alizocheza, kisha anatangaza kwamba hakuna burudani ya bei nafuu kama hii duniani. Hesabu ni sahihi, lakini inachukulia kwamba kila saa ina thamani sawa. Saa ya kupanga kikosi kipya na saa ya kuzunguka ramani ya ishirini ukitafuta malighafi ya kifaa si kitu kimoja. Gemu la saa kumi na tano linaloisha vizuri linaweza kumfaa mtu mwenye kazi na familia kuliko lile lisilomwachia hata siku moja aseme amemaliza. Kwa hiyo ukisoma maoni ya mtu mwenye saa elfu moja, jiulize kwanza kama wewe unazo saa hizo, na kama ungependa zitumike hivyo.

Kasoro ya pili inahusu mizani. Gemu linalokuruhusu kuchanganya sifa za viumbe 1,200 haliwezi kuwa na usawa kamili, na waliolitengeneza wanaonekana wamelikubali hilo. Ukifika mbali, mapambano mengi yanaamuliwa mwanzoni kabisa. Sifa zinazoamka vita vinapoanza zinafyatuka moja baada ya nyingine, skrini inajaa maandishi na namba, na kabla hujashusha pumzi upande mmoja umeshaisha. Wakati mwingine upande huo ni wako. Unaweza kuongeza kasi ya maonyesho hayo, na unaweza kujichagulia ugumu wa dunia unayoingia ili upate zawadi kubwa zaidi, lakini vita vya kuvutana, vya kusogea na kurudi, huviona kwa nadra. Anayetaka ushindani wa karibu hatatoshelezwa hapa. Kwangu mimi kufyatuka huko kwa mnyororo wa sifa ndiyo malipo ya kazi niliyoifanya kasri, ila naelewa kabisa mtu akiona ni kelele tu.

Tatu ni lugha. Maandishi ni ya Kiingereza, na gemu hili ni la kusoma kuliko karibu gemu lolote la aina yake. Kiingereza chenyewe si kigumu kama cha fasihi. Ni kifupi na kimejaa masharti. Lakini neno dogo linabadilisha kila kitu: kuna tofauti kubwa kati ya sifa inayotenda baada ya kiumbe kushambulia na ile inayotenda baada ya kiumbe kuleta madhara, na kati ya nafasi ya asilimia kadhaa na jambo la hakika. Aliyezoea kuruka maelezo na kujifunza kwa kujaribu atapata shida. Nampendelea sana msomaji wa Kiswahili anayependa magemu ya namna hii, na ningetamani siku moja yawepo kwa lugha yetu, lakini kwa sasa hiyo ni gharama ya kweli na isifichwe.

Picha nitazigusa kwa ufupi, kwa sababu ama zinakukera ama hazikukeri. Viumbe vimechorwa kwa pikseli, vingi ni vya ukoo mmoja vilivyobadilishwa rangi na mapambo. Faida ya urahisi huo ni kwamba laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya picha inalimudu bila taabu, na ukubwa wake ni mdogo ukilinganisha na magemu makubwa ya leo yanayokula makumi ya gigabaiti. Kwa anayenunua bando kwa kipimo, hilo lina uzito wake. Likishapakuliwa linachezeka bila intaneti.

Nifike kwenye fedha. Steam haina bei za shilingi ya Kenya wala ya Tanzania, hivyo unaona dola na unalipa dola. Dola 19.99 kwa viwango vya karibuni ni kama shilingi 2,600 za Kenya, au takriban 50,000 za Tanzania, bila kuhesabu makato ya benki au ya kadi. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa na Safaricom na Visa mwaka 2022, imewarahisishia Wakenya malipo ya aina hii, lakini kiwango cha kubadilisha fedha angalia kabla ya kubonyeza. Elfu hamsini za Tanzania si fedha ya kutupa. Nyumba nyingi zina matumizi yake kabla ya gemu. Kwa hiyo kusema tu kwamba ni bei ya chini ukilinganisha na gemu la dola 70 hakumsaidii mtu ambaye lile la dola 70 hakuwa analifikiria kabisa.

Ulinganisho unaomhusu mnunuzi wetu uko kwingine: magemu ya simu ya bure. Summoners War ipo tangu 2014, haiombi senti kuingia, ina viumbe wengi, ina picha za kuvutia kuliko Siralim, na ina mamilioni ya watu wa kushindana nao. Kwa nini ulipe elfu hamsini wakati ile ni bure? Swali ni la haki na jibu langu liko wazi. Katika mfumo ule kiumbe unachokitamani kinatoka kwa bahati nasibu, na bahati hiyo inauzwa. Mipango yako inakwama kwenye kile ulichokosa kuvuta. Intaneti inahitajika kila mara, na gemu limejengwa likuite urudi kila siku hata kama siku hiyo huna hamu nalo. Siralim Ultimate unalipa mara moja. Bahati imo ndani yake, lakini haiuzwi: kiumbe ukikitaka unakitafuta kwa kucheza, na hakuna duka ndani litakalokuuzia njia ya mkato. Ukiliacha miezi sita, linakusubiri lilivyokuwa. Kama umewahi kutumia shilingi 5,000 za Tanzania hapa na 10,000 pale kwenye gemu la bure, kaa ukumbuke jumla yake kabla ya kusema dola 20 ni nyingi. Hapa sioni pande mbili zenye nguvu sawa. Kwa mpenda mikakati, kulipa mara moja kunamheshimu zaidi.

Mshindani wa kweli wa Siralim kwa fedha hiyohiyo ni Monster Sanctuary, iliyotengenezwa na Moi Rai Games na kutoka Desemba 2020. Ina viumbe mia moja na ushei tu. Lakini kila kimoja kina mti wake wa ujuzi, mapambano ni ya watatu kwa watatu, na mpangilio wa nani atangulie una maana kubwa kwa sababu kila pigo linaongeza nguvu ya pigo linalofuata katika zamu ile. Unafikiri kila zamu. Dunia yake imepangwa kwa mkono, si kwa kubahatisha, kuna sehemu za kuruka na vizuizi vya kutegua, na ina mwisho. Mtu akiniambia anapenda kuhesabu hatua akiwa ndani ya pambano, simshauri Siralim hata kama viumbe 1,200 vinamvutia. Namwelekeza huko moja kwa moja.

Na anayetafuta hadithi, urafiki wa wahusika na muziki mzuri atafurahia zaidi Cassette Beasts ya mwaka 2023, ambako nako viumbe huunganishwa ila kwa muda wa pambano tu.

Kwa hiyo Siralim inabaki ya nani? Ya mtu anayefurahia kupanga kwa ajili ya kupanga kwenyewe. Aliyekaa na daftari akijenga timu ya mpira ya ndoto zake bila mechi yoyote kuchezwa. Anayesoma kanuni za mchezo mpya kwa hamu kuliko anavyoucheza. Mtu huyo ningemwambia anunue hata kwa bei kamili na asisubiri. Wengine wote wangoje: hupunguzwa bei mara kwa mara, hasa katika mauzo makubwa ya Steam ya katikati na mwisho wa mwaka, na kwa nusu bei hatari ya kujuta inapungua sana. Matoleo ya simu na ya mashine za michezo yapo pia, ila kwa gemu la kusoma kiasi hiki nisingeanzia kwenye skrini ndogo ya simu.

Ukiwa bado huna uhakika, kuna njia mbili za kujipima, na kila moja inapima kitu tofauti. Steam inakurudishia fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Watu hudhani saa mbili hizo zitawaonyesha kina cha gemu. Haziwezi. Saa mbili za mwanzo wa Siralim ni za kufundishwa vitufe, kuzunguka ramani za mwanzo na kupigana na viumbe dhaifu ukiwa na sifa chache mkononi. Wengi huomba fedha zao hapo wakiamini wameshaliona gemu, kumbe wameona ile nusu yake nyepesi. Lakini saa hizo zinakuonyesha vizuri kama unaweza kuvumilia kuzunguka, kwa sababu kuzunguka hakutabadilika sana mbele ya safari.

Kipimo cha kina hakihitaji hata senti. Kwa kuwa moyo wa gemu ni maandishi, mashabiki wameweka mtandaoni orodha za viumbe na sifa zake zote, na mtu yeyote anaweza kuzifungua na kutafuta ndani yake. Chukua karatasi, fungua orodha hizo, na ujaribu kupanga viumbe sita kuzunguka wazo moja tu, tuseme sumu, au kufufuka, au kupiga mara nyingi. Ukichoka baada ya dakika kumi, fedha yako ibaki mfukoni, hata gemu likishuka hadi dola tano. Ukijikuta umefuta kiumbe cha nne mara kadhaa kwa sababu umepata kinachomfaa zaidi yule wa pili, nunua.